Huyu Mtoto Amefiwa na Nani?

Mtangazaji alikuwa amemaliza maswali ya kawaida. Unasoma wapi, ulianza kuimba lini, nani alikuvutia. Binti wa dada yangu alikuwa anajibu vizuri tu, kwa utulivu, huku zile hedifoni kubwa zikimteleza kila mara kwa sababu nywele zake ni fupi, nywele za shule. Ana miaka 15. Yuko kidato cha pili.

Kisha mtangazaji akasogeza kiti, akachangamka zaidi, akasema: "Sasa mtoto mzuri kama wewe, shemeji yetu yupo? Usitufiche, Arusha nzima inasikiliza."

Binti akanitazama.

Nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, sweta lake mapajani. Usiku uliotangulia dada alikuwa amenipigia simu kutoka Moshi. "Kaa naye humohumo ndani," alisema. "Wewe ni mama yake. Usimwache peke yake." Na kweli nilikaa naye humohumo ndani, hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni.

Nilicheka.

Hapakuwa na kichekesho. Nilicheka kwa sababu wote walicheka: mtangazaji, fundi mitambo nyuma ya kioo, kijana aliyeleta maji. Sikutaka nionekane mshamba niliyetoka nyumbani kuja kuharibu kipindi cha watu. Binti alipoona nacheka, naye akacheka, akasema hana. "Hana kweli, au hana kwa kuwa mama mdogo yupo?" Wakacheka tena. Wimbo ukawekwa, tukapigwa picha, tukarudi nyumbani.

Hizo ni wiki tano sasa. Kicheko changu hakijaniacha. Kinanijia nikiwa dukani naprinti ratiba za mazishi. Kinanijia kwenye daladala la Kwa Mrombo, katikati ya watu. Mara ya kwanza nilijiambia ni jambo dogo, nisilikuze. Lakini jambo dogo huisha, na hili halikuisha.

## Ukumbi unapocheka

Swali lile nilikuwa nimeshalisikia. Sio redioni kwetu. Nililisikia kwenye mkanda wa zamani wa televisheni ya Marekani, ambao wengi wenu mmeuona.

Ni mwaka 1992, kwenye mashindano ya vipaji ya Star Search. Mtoto wa miaka 10 kutoka Kentwood, mji mdogo wa Louisiana, ametoka kuimba kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Mwendesha kipindi, Ed McMahon, mtu mzima wa kuheshimika, anamsifia macho yake mazuri, halafu anamuuliza kama ana mpenzi. Mtoto anajibu kwa adabu kwamba hana. Kwa nini? Kwa sababu wavulana ni wakorofi. Mzee anamuuliza: na mimi je? Mtoto anafikiri, anasema inategemea.

Ukumbi unacheka.

Mtoto huyo ni Britney Spears. Nimeurudia mkanda huo mara nyingi wiki hizi, usiku, sauti ikiwa chini. Siku hizi simtazami yeye. Nausikiliza ukumbi. Mle ndani lazima kulikuwa na akina mama, na hata mama wadogo, na sidhani kama hata mmoja wao alikuwa mtu mbaya.

Nafikiri sikuwa tayari kukubali hilo: kwamba mtoto anaanza kuzoeshwa na watu wazuri.

## Alivyofika Moshi

Sina haja ya kuwasimulia maisha yake. Niseme tu alivyotufikia sisi.

Wimbo wake wa kwanza ulitoka mwishoni mwa 1998. Januari 1999 wimbo ule na albamu yake vilikaa namba moja Marekani kwa wiki ileile, jambo ambalo kabla yake hakuna mwanamke mgeni kwenye muziki aliyekuwa amelifanya. Alikuwa na miaka 17. Sisi nyumbani Pasua tulimpata kwenye kanda iliyorekodiwa juu ya kwaya, kiasi kwamba ukiiacha ikaisha unasikia "amina" ya mwisho ya wanakwaya. Mimi nilikuwa na miaka 13. Dada alikuwa na 16, na ndiye aliyekuwa na lile daftari la nyimbo. Alikuwa akisikiliza mstari, anasimamisha redio, anaandika alichosikia, anarudisha kanda kwa kalamu ili kuokoa betri. Nusu ya maneno aliyoandika hayakuwa Kiingereza cha mtu yeyote duniani, lakini tuliyaimba kwa moyo wote.

Halafu tukaiona video kwa jirani. Ilipigwa kwenye shule ya kweli, Venice High School kule California, na wazo la kuiweka shuleni lilikuwa lake mwenyewe, akiwa na miaka 16. Alikuwa anachoka darasani, kengele inalia, wanafunzi wanacheza kwenye korido. Hebu fikiria sisi, tuliokuwa tunapiga deki madarasa kila Ijumaa, kumwona mtu amegeuza sare ya shule kuwa furaha. Dada Jumatatu iliyofuata alifunga fundo kwenye shati lake, juu ya kitovu, wakati wa mapumziko. Mwalimu wa zamu akamwona. Alichapwa mstarini mbele ya shule nzima.

Dada anasema hadi leo hakuumizwa na fimbo. Aliumizwa na walichosema walimu walipomtazama tumbo.

Huko Marekani walikuwa wanamfanyia Britney hivyohivyo, bila fimbo. Aprili 1999 jarida la Rolling Stone lilimweka kwenye jalada akiwa amelala kitandani na nguo za ndani, simu sikioni, kidoli cha watoto wachanga mkononi. Watu wazima ndio waliopanga picha ile. Watu wazima ndio waliopiga, wakachagua, wakachapa, wakauza. Kisha watu wazima wengine wakaja na maikrofoni kumuuliza yeye kwa nini anaharibu watoto. Mtangazaji mmoja wa Uholanzi alimuuliza kuhusu matiti yake mbele ya kamera. Waandishi walimuuliza, nchi baada ya nchi, kama bado ni bikira, na yeye alijibu akitabasamu, kwa sababu alikuwa amefundishwa adabu ya Kusini, ya kuwaitikia wakubwa.

Miaka hiyo sikuyajua yote hayo. Nilijua nyimbo. Lakini kuna la Novemba 2003 ambalo sikuwahi kulielewa mpaka nilipolitazama nikiwa mtu mzima. Alikuwa ametimiza karibu miaka 22, ameachana na mwanamuziki mwenzake Justin Timberlake mwaka uliotangulia, na mtangazaji Diane Sawyer wa ABC akamketisha kumuuliza alimfanya nini kijana yule hadi akaumia vile. Akamsomea maneno ya mke wa gavana wa Maryland, kwamba angepata nafasi angempiga risasi Britney Spears. Hakuyasoma kama kitu cha kutisha. Aliyasoma kama jambo ambalo binti alipaswa kulijibu. Baadaye kwenye mahojiano yale binti analia, anaomba wasimamishe.

Nani alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni siku ile? Lazima palikuwa na mtu. Mtu mkubwa vile haendi peke yake.

## Picha ya ukutani

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka 21, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Nilikuwa nafanya kazi kwenye intaneti kafe moja mjini Moshi, karibu na Mnara wa Saa. Kompyuta sita, mbili mbovu. Picha moja ilikuwa inafunguka kutoka juu kuja chini kama pazia linaloshushwa taratibu, na ukiwa na haraka unajikuta unamwona mtu paji la uso dakika nzima kabla hujamwona mdomo.

Ndivyo tulivyoiona ile. Kichwa kwanza. Kichwa chenye upara.

Ilikuwa tarehe 16 Februari, usiku, saluni ya Tarzana, California. Msusi alikataa kumnyoa, Britney akachukua mashine mwenyewe, wapiga picha wakiwa wamejaa nje ya dirisha. Siku chache baadaye alipiga gari la mmoja wao kwa mwavuli. Kwa wiki nzima wateja walikuja kwangu kuomba niwafungulie "ile ya Britney". Vijana walifungua tovuti ya Perez Hilton, ambaye alikuwa anachora uchafu juu ya picha za watu mashuhuri kwa wino mweupe, na ile ndiyo iliyonipa wazo.

Niliprinti picha. Nikachukua kalamu, nikamchorea. Sitasema nilichora nini. Nikaibandika ukutani juu ya meza yangu, na kila aliyeingia kulipia saa yake aliiona, akacheka, na mimi nikajiona mtu wa kuchangamsha.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kibosho. Alikuwa akishuka mjini na ndizi zake, na kila baada ya wiki mbili alipitia kwangu nimsomee barua pepe ya mwanawe aliyekuwa Marekani. Alikuwa hakai kwenye kiti. Alisimama nyuma yangu, mkono begani kwangu, na nikimaliza kusoma alisema "rudia", nikarudia. Siku ile aliingia, nikamwamkia, akaitikia, kisha macho yake yakaenda ukutani. Akaitazama picha kwa muda. Akasogea.

"Huyu mtoto amefiwa na nani?"

Kafe nzima ilipasuka kwa kicheko.

Kwetu, kwa wasiojua, mtu akifiwa ananyolewa. Baada ya mazishi ndugu hukaa chini, wembe unapita. Bibi alikuwa ameona msichana amenyoa, macho yake mekundu, akasoma alichojua kusoma. Kijana mmoja wa kompyuta ya pili akamwambia: "Bibi, hajafiwa huyo. Ni mwanamuziki wa Marekani. Amechanganyikiwa."

Bibi akageuka. "Wewe umemuuliza?"

Wakacheka zaidi. Kijana akasema atamuulizaje na yuko Marekani. Bibi hakucheka wala hakukasirika. Akasema, kwa ile sauti ya mtu anayezungumza na watoto, kwamba mtu hanyoi bure, na mtoto huyu mama yake yuko wapi, na kwa nini watu wamemzunguka na taa badala ya kumfunika kanga. Kisha akaniambia nimsomee barua yake.

Nikamsomea. Nilikuwa nimejizuia kucheka kwa heshima, mpaka alipotoka mlangoni.

Picha ilibaki ukutani mpaka gundi ilipokauka ikaanguka yenyewe.

## Mwezi mmoja kabla

Yote haya yangebaki usingizini kama si mteja wangu mmoja, mwongoza watalii. Mgeni wake aliacha kitabu hotelini, naye anajua napenda kusoma, akaniletea dukani. Kilikuwa kitabu cha maisha ya Britney, kile kilichotoka Oktoba 2023. Kilikaa kwenye rafu ya karatasi za A4 miezi mingi. Nilikifungua wiki ileile ya redio, umeme ulipokatika, nikakisoma kwa mwanga wa simu.

Nikafika kwenye nywele. Nilikuwa nazingoja, nakiri, nilitaka kujua mwenyewe anasema nini. Na pale anasimulia alivyokuwa wiki zile. Watoto wake wawili, mmoja wa miezi 17 na mwingine wa miezi mitano, walikuwa kwa baba yao na alikuwa anazuiwa kuwaona. Na Sandra, dada wa mama yake, ambaye walikuwa karibu sana, alikuwa ametoka kufariki kwa saratani ya ovari.

Januari 2007. Nywele ni Februari.

Niliweka simu chini ikawa giza.

Amefiwa.

Waingereza wana neno moja tu kwa shangazi, kwa mke wa mjomba, kwa mama mdogo na mama mkubwa. Kwa hiyo ukisoma kwa lugha yao, msiba ule unakupita kama msiba wa ndugu wa pembeni. Lakini dada wa mama yako si ndugu wa pembeni. Ni mama. Bibi aliuliza mama yake yuko wapi, na jibu, kwa hesabu yetu ya undugu, ni kwamba mmoja alikuwa ametoka kuzikwa.

Sisemi bibi alikuwa mganga. Hakujua lolote kuhusu Sandra. Hakuwahi kusikia wimbo hata mmoja wa yule binti, hakujua kuwa albamu yake ya kwanza ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani pekee. Mimi nilijua. Nilikuwa na kompyuta, nilikuwa na picha mia, nilikuwa na majarida kutoka pande zote. Yeye alikuwa na picha moja, tena imeharibiwa kwa kalamu yangu, na ndiye pekee mle ndani aliyeitumia kuuliza habari za mtu.

Sijui niliseme vipi hili bila kulipamba. Nililia pale dukani. Nilimlilia bibi zaidi kuliko Britney, nadhani. Nilimlilia kwa sababu tulimcheka.

## Kilichofuata

Wengine walikuwapo, lazima niseme. Wiki ileile ya Februari 2007, mchekeshaji Craig Ferguson aliwaambia watazamaji wake kwenye televisheni kwamba hatamtania, akaeleza kuhusu ulevi wake mwenyewe na jinsi alivyokaribia kujiua. Ukiitazama, watu wanacheka mwanzoni kwa sababu wamezoea kuwa hapo ndipo pa kucheka. Inawachukua muda kunyamaza.

Februari 2008 mahakama ya Los Angeles ilimweka Britney chini ya usimamizi wa baba yake pamoja na mwanasheria. Ikawa hivyo kwa miaka 13. Katika miaka hiyo alitoa albamu, alikaa kwenye kiti cha majaji wa mashindano ya kuimba, alitumbuiza Las Vegas kuanzia mwisho wa 2013 hadi mwisho wa 2017. Mtu anayesemekana hawezi kujiamulia lolote alikuwa anaingiza mamilioni. Tarehe 23 Juni 2021 aliieleza mahakama, kwa simu, kwamba alilazimishwa kunywa dawa ya lithiamu, na kwamba alikuwa na kitanzi cha kuzuia mimba mwilini na wasimamizi wake hawamruhusu kwenda kukitoa ingawa alitaka mtoto. Novemba 12 mwaka huo usimamizi ukafutwa.

Neno hilo, kitanzi. Mwanamke yeyote anayesoma hapa anaelewa kwa nini nilisimama pale.

Na Arusha hatuwezi kujifanya haya ni ya Marekani. Mwanamuziki Dogo Janja alitoka Ngarenaro, hapahapa mjini, akiwa bado mwanafunzi, msanii Madee akamchukua Manzese, Dar es Salaam, kwenye kundi la Tip Top Connection, na mji huu wote ukajivuna. Walipokorofishana na akarudi nyumbani, tulifanya nini? Nakumbuka stori za vijiweni. Nakumbuka nani alikuwa anasema kijana amelewa sifa. Alisimama tena, jina lake lipo mpaka leo, na nafurahi. Lakini sikumbuki mtu aliyesema, huyu ni mtoto, amerudi nyumbani, amekula?

## Nilichomwambia mtangazaji

Nilimpigia. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri.

Nilimweleza kwa upole kwamba yule ni mtoto wa miaka 15, kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto hadi atimize miaka 18, na kwamba sikupenda swali lile. Alinisikiliza. Ni kijana mwenye heshima, na kama mngemsikia msingemchukia. Akasema: "Dada yangu, ule ulikuwa utani wa kuchangamsha kipindi. Wote tunaulizana. Na samahani, lakini mbona hata wewe ulicheka?"

Nikanyamaza.

Ningeweza kumwambia nililazimika. Haikuwa kweli. Hakuna aliyenilazimisha. Nikamwambia ndiyo, nilicheka, na ndiyo maana napiga simu. Akasema ameelewa. Sijui kama kuna mtoto mwingine aliyekaa kwenye kiti kile tangu siku hiyo, na ameulizwa nini.

Jambo ambalo limenisumbua kuliko yote ni hili: ningekuwa sikucheka, ningefanya nini? Ningemkatiza mtu hewani? Ningemshika mtoto mkono tutoke? Dada angesema nimemharibia mwanawe bahati. Binti mwenyewe anaitaka redio. Anautaka muziki kama mama yake alivyoutaka, na mama yake alinyimwa kwa fimbo. Sitaki kuwa mwalimu wa zamu wa pili kwenye familia hii.

## Ubeti wa pili

Jumamosi iliyopita alikuja dukani. Nilikuwa na kazi ya kitabu cha ratiba ya mazishi, kurasa nane, rangi. Akakaa kwenye stuli, akawa ananisaidia kukunja.

Nikamwomba msamaha. Nilimwambia hasa kwa kitu gani, ili asidhani namzungushia maneno.

Akakunja karatasi mbili tatu kabla ya kujibu. "Mimi sikujua nijibu nini, mama mdogo. Nilikutazama ili nijue. Ulipocheka nikaona, kumbe ni kawaida."

Hakusema kwa lawama. Alikuwa ananieleza tu ilivyokuwa. Ningependa angekasirika.

Kisha nikamuuliza kuhusu klipu, ile iliyoanzisha yote. Ni ya harusi ya binamu yake, Uru. Ndafu imeshaingia ukumbini, MC anampa maikrofoni, anaimba. Katikati ya wimbo anafumba macho, anasimama kimya sekunde kadhaa, halafu anaendelea machozi yakimtoka. Ndiyo iliyosambaa. Kwenye maoni watu waliandika mengi. Kwamba ana mtu kaachana naye. Kwamba amefundishwa kuigiza. Kuhusu kifua chake pia waliandika, na sitayarudia hapa. Mimi nami nilikuwa na langu. Baba yetu, babu yake, alifariki mwaka jana, na ndiye aliyekuwa anamwimbisha tangu mdogo. Baada ya kile kitabu nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba mtoto anamlilia babu, na kwamba hakuna aliyejua ila mimi.

Nilimuuliza, karibu kwa kunong'ona: "Ulikuwa unamkumbuka babu?"

Akashangaa. "Hapana. Nilisahau ubeti wa pili."

Nikaacha kukunja.

"Nilisahau kabisa, mama mdogo. Nikafumba macho nikasema Mungu wangu nisaidie. Halafu ukaja. Wote ukaja, mpaka mwisho. Nilifurahi hadi nikalia." Akatabasamu kwa kulikumbuka. "Sijawahi kufurahi vile."

Kwa hiyo hata mimi nilikuwa sijamuuliza. Nilikuwa nimemtungia msiba wake, nikaubeba wiki tano.

Alitaka kujua kitabu kilikuwa kinahusu nini, maana alikiona juu ya mashine. Nikamsimulia kidogo. Mtoto wa Louisiana, Star Search, sare ya shule na fundo la mama yake, ambalo alilicheka sana kwa kuwa dada hajawahi kumwambia. Nikamsimulia kuhusu bibi wa Kibosho. Nikamwambia na kuhusu picha na kalamu. Nilitaka kuiruka sehemu hiyo, sikuiruka.

"Zile nywele," akauliza, "ziliota tena?"

"Ziliota."

"Na watu wakamwacha?"

Nilifikiria kumpa jibu la kumtia moyo. "Hapana," nikasema. "Hawajamwacha mpaka leo."

Akaitikia kwa kichwa. Mwezi ujao kuna kipaimara Moshi, ameombwa aimbe, na dada amekubali. Kuna na studio moja iliyopiga simu. Tumesema tutakwenda watatu, na bado hatujakubaliana tutasema nini tukifika. Nilimwambia akiulizwa kitu asichokipenda asinitazame mimi kwanza, aseme tu hapendi. Akasema sawa, lakini ataendelea kunitazama, amezoea.

Mashine ilikuwa inatoa ukurasa wa saba, picha ya marehemu, mama mmoja wa Sakina aliyevaa kitenge cha njano. Binti aliuchukua ukiwa bado wa moto, akautazama.

"Huyu ameacha watoto?"

"Watano," nikasema. "Wa mwisho ni rika lako."

Akauweka juu ya wenzake, akaupangusa kwa kiganja. Halafu akaanza kuimba kwa sauti ndogo, akiwa anakunja, ule wimbo wa harusi. Ubeti wa kwanza ulipita. Kwenye wa pili akakwama palepale. Akarudi nyuma mstari mmoja, akajaribu tena, polepole.